Karavani la Meno na Magunia ya Lusewa

Tangu nistaafu, vijana wa kliniki yetu hunijia na swali moja, nalo si la meno. Wanataka kujua ilikuwaje mwanamke aliyesomea kung'oa na kuziba meno akautumia ujana wake kuvuta nyumba kwa gari katika barabara za vumbi za Ruvuma. Nimeamua kuwajibu kwa maandishi, maana nikisimulia kwa mdomo mume wangu hunikatiza ili anisahihishe, ilhali hakuwapo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na mishahara ilikwisha siku ileile ilipoingia. Hayo nitayaruka.

Kwetu ni Korogwe. Nilifika Songea nikiwa tabibu wa meno mpya kabisa, nikapewa chumba chenye kiti ambacho pedali yake ya kuinulia ilikuwa imekufa zamani. Mgonjwa mrefu na mgonjwa mfupi walitibiwa kwa kimo kimoja. Aliyepanda na kushuka nilikuwa mimi, juu ya kibao. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa makamo. Aliniangalia mikono, akaniuliza daktari yuko wapi. Nikamwambia daktari ametoka kidogo, mimi ninaanza, akirudi atamalizia. Nilipomwonyesha jino lake kwenye kisahani alilitazama kwa muda, kisha akasema daktari akirudi nimpe salamu zake na nimweleze kwamba msaidizi wake si mbaya.

Baadaye ikaja ile miaka ambayo neno ruksa lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Sabuni zilirudi madukani zikiwa na harufu tulizokuwa tumezisahau, mitumba ikajaa sokoni, na watu binafsi wakaruhusiwa tena kutoa huduma za afya. Mimi nilikuwa nimechoka kuwaona wagonjwa wa vijijini wakifika kwangu wakati shavu limekwisha kuvimba kama boga, kwa kuwa nauli na safari viliwatisha kuliko maumivu. Nikawaza kwamba kama jino haliji kwenye kiti, kiti kilifuate jino. Nikaacha kazi ya serikali. Wenzangu waliniandalia soda na maandazi, na nyuso zao zilikuwa za msibani.

Kampuni ya kigeni iliyokuwa ikijenga barabara ya lami ilikuwa imefunga kambi yake, na vitu vyake vikapigwa mnada. Watu waligombania mabati na mbao. Mimi nikaondoka na landkruza ndefu ya dizeli pamoja na karavani ambamo mhandisi mmoja alikuwa akiishi na paka wake. Bei siitaji, kwa sababu mume wangu ataisoma kumbukumbu hii. Gari lile lilikuwa na moyo wa trekta na adabu za trekta: lilinguruma likiwa limesimama, lilinywa dizeli bila haya, na kila asubuhi ya baridi lilihitaji kubembelezwa kabla halijakubali kuwaka. Lakini lilipoanza kuvuta, lilivuta. Karavani nalo tuliling'oa kitanda, tukafunga kiti cha meno, beseni na kabati la koleo, tukakata mlango mdogo nyuma kwa ajili ya tairi la spea. Harufu ya paka ilibaki. Wagonjwa waliidhani ni dawa.

Kuvuta tela nilifundishwa na Bi Zainabu, mjane mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akiendesha mwenyewe lori la marehemu mumewe, tela likiwa nyuma. Alikuja uwanjani kwangu Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, amevaa baibui lake, akaketi kwenye ndoo aliyoipindua, akaniamuru nirudi nyuma. Nikarudi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mihogo ya jirani.

“Unataka mkia uende wapi?” akaniuliza.

“Kushoto, Bi Zainabu.”

“Na wewe unaupeleka usukani kushoto?”

“Ndiyo.”

“Basi umeliambia gari, tela hujaliambia. Shika usukani chini, hapo karibu na tumbo. Ukitaka mkia uende kushoto, mkono wako uende kushoto. Usifikiri. Wasomi mkifikiri mnaingia kwenye mihogo ya watu.”

Niliingia kwenye mihogo mara nyingine kadhaa hata hivyo, mpaka jirani akaanza kuivuna mapema ili kunipunguzia majaribu. Fundisho la pili la Bi Zainabu lilikuwa juu ya mzigo. Vitu vizito, alisema, vikae mbele ya magurudumu ya tela, upande wa gari. Vikikaa nyuma, tela huinua shingo, nalo huliinua gari matako. Hapo usukani unakuwa mwepesi na mkia unaanza kucheza. “Na likianza kucheza, mwanangu, usikanyage breki. Breki inalizuia gari tu, tela halina habari hizo, linakuja na haraka zake. Achia mafuta, shika usukani, mtaje Mola wako. Likichoka litatulia.”

Siku za mwanzo nilijifunza mengi kwa aibu. Karavani lina miguu minne midogo ya chuma, ambayo huteremshwa likisimama ili lisibonyee. Mjini Namtumbo, siku moja ya gulio, niliisahau ile ya nyuma. Akaingia mkulima wa tumbaku, mtu mkubwa wa mwili, aliyekuwa amejigamba kwenye foleni nzima kwamba yeye haogopi sindano. Alipoketi tu, nyumba yote ikainama upande wake. Koleo ziliteremka mezani moja baada ya nyingine zikamfuata mapajani. Akazitazama, akanitazama, akasimama kwa upole.

“Daktari, limepona,” akasema, akatoka.

Foleni nayo ilipungua kidogo. Mwezi uliofuata alirudi akiwa ameshika shavu, akaizungukia ile miguu minne na kuipiga teke mmojammoja kabla hajakubali kupanda. Vijana wangu, mashine zenu za leo zina taa na vipimo, lakini bado nawaomba mkague miguu ya kiti kwa macho yenu.

Sasa nifike Lusewa, kwa sababu huko ndiko kazi hii nusura ife.

Nilikuwa nikiendesha huduma kwa kibali cha muda. Ili nipate kibali kamili, karavani lilipaswa kukaguliwa likiwa barabarani, likitoka kazini kweli, si likiwa limeoshwa na kuegeshwa uwanjani. Kama lingeonekana halifai, lingezuiwa kuvutwa, nami ningebaki bila kazi ya serikali niliyoiacha na bila ile niliyoikimbilia. Aliyepangiwa kunikagua aliitwa Bwana Kikoti, mkaguzi wa magari aliyehamia karibuni, mtu wa maneno machache na kofia ya kazi iliyonyooka kama imepigwa pasi ikiwa kichwani. Muuguzi wangu msaidizi alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo tukaondoka wawili. Toka Songea mpaka Lusewa alisema vitu viwili: kwamba kioo cha pembeni kimelegea, na kwamba yeye huwa hali chakula asubuhi.

Mwenyeji wangu Lusewa alikuwa Bibi Nyoni, mama wa Kingoni aliyeolewa huko miaka mingi. Yeye ndiye aliyewashawishi wanawake wa pale kukubali kuketi kwenye kiti changu, baada ya kuketi yeye kwanza na kutoka akicheka na pengo. Angeninunia, Lusewa yote ingeninunia.

Siku hiyo ilikuwa ya mavuno, na kazi ilikwenda vizuri. Nilipokuwa nachemsha koleo za mwisho nikasikia minong'ono na vishindo upande wa nyuma wa karavani. Nikajua ni zawadi. Sehemu zile zawadi ya msafiri haikabidhiwi mkononi mbele za watu. Hupakiwa kimya kwenye mzigo wake, akaikute nyumbani. Mgeni anayeipekua au kuihamisha njiani anatangaza kwamba haimtoshi, au kwamba ameipima akaona aibu. Huko nyuma nilikuwa nikipata mayai na ndizi, vitu visivyomsumbua mtu. Lakini nilipotoka nje nikaona mkia wa karavani umeketi chini kama kuku anayetaga. Mlango wa tairi la spea ulikuwa umefungwa kwa kamba, umevimba.

“Shikamoo, Bibi,” nikasema. “Naona mmenitendea mema.”

“Marahaba, mwanangu. Sisi hatukutenda kitu,” akajibu Bibi Nyoni, akiangalia pengine kama desturi inavyotaka. “Ila naomba unibebe mpaka Mshangano. Binti yangu amejifungua, nikamwone.”

Sikuweza kukataa. Bibi Nyoni akaketi kiti cha nyuma na kikapu chake, Bwana Kikoti akaketi mbele pembeni yangu na karatasi zake magotini, tukaondoka. Sikuwa nimemaliza kupandisha gia nilipoyahisi maneno ya Bi Zainabu mikononi. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli. Kwenye mteremko wa kwanza karavani likaanza: kushoto taratibu, kulia kwa bidii zaidi, kushoto tena kwa furaha. Gari letu lote likatikisika kiuno. Niliachia mafuta, nikashika usukani, nikamtaja Mola wangu na wa Bi Zainabu. Likatulia mteremko ulipokwisha.

Bwana Kikoti aliondoa mkono wake kwenye mpini wa mlango, akanyoosha kofia.

“Gari ni zima,” alisema. “Tela naona lina tabia.”

“Ni barabara, mkaguzi.”

“Asubuhi ilikuwa barabara hiihii.” Akafungua kalamu. “Mbele kuna mteremko mrefu wa darajani. Likirudia pale, naandika kwamba halifai. Sipendi, lakini nitaandika.”

Mteremko ule niliujua. Kwa mzigo uliokaa vile, kuandikiwa kwamba halifai kulikuwa jambo dogo. Nilianza kuwaza kama tungefika darajani gari likiwa mbele na tela nyuma, au kwa mpangilio mwingine. Nikasimama kwenye tambarare kabla yake, nikasema nataka kutazama tairi. Bibi Nyoni akashuka kunyoosha miguu. Nikamsogelea.

“Bibi, nawaza kama vile vitu vya nyuma ningevisogeza kidogo tu.”

Uso wake ukafungwa kama duka siku ya Jumapili.

“Vitu gani, mwanangu?”

“Hapana, Bibi. Tairi liko salama.”

Nikazunguka gari mara moja. Kuhamisha nilikuwa siwezi bila kuipoteza Lusewa. Kutohamisha nako kulikuwa kuipoteza kazi, pengine na shingo. Kumweleza mkaguzi kwamba tela ni zima ila limeshiba wema wa watu, nilijua angejibu kwamba sheria haina safu ya wema. Nikamtazama amesimama kando ya barabara, akipangusa vumbi kofia yake, akijisemea kitu kwa kilugha chake juu ya jua. Lafudhi ile niliifahamu. Chuoni nililala chumba kimoja na binti wa Iringa, naye alisema vivyo hivyo. Mkaguzi wangu alikuwa Mhehe. Na nyuma yangu alikuwa amesimama Mngoni, mtani wake tangu vita vya mababu. Nanyi mnajua mtani ana haki ambayo wala daktari wala mkaguzi hana: anaweza kukuchukulia mali yako mbele ya macho yako, na ukimkasirikia aibu ni yako.

Nikasema kwa sauti ya kutosha, kama mtu anayetafuta mazungumzo, “Bibi, sikukujulisha. Mkaguzi wetu huyu kwao ni Iringa.”

Bibi Nyoni akageuka taratibu.

“Iringa kwa Wahehe?”

“Huko hasa.”

“Nami nimekaa naye gari moja namwita mheshimiwa?”

“Bibi, mimi niko kazini,” alisema Bwana Kikoti.

“Ukaguzi ndiyo kazi. Uhehe ni ugonjwa.”

Nilitegemea atanuna. Badala yake akazikunja karatasi zake akazitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikayaona meno yake. Yalikuwa mazuri.

“Nilijificha kwa faida yako, bibi. Mngoni akijua ameketi na Mhehe hutafuta mlango gari likiwa linakwenda.”

“Nani? Babu zako walitusikia tunakuja wakakimbia wakaacha vyungu jikoni.”

“Tuliviacha kwa huruma. Tulijua mtafika mna njaa.”

“Na viatu mliviacha kwa huruma?”

“Hatukuwa na viatu.”

“Ndiyo maana mlikimbia vizuri.”

Bwana Kikoti akacheka mpaka akashika boneti. Nikaona wakati ndio huu.

“Mkaguzi,” nikasema, “usimjali Bibi. Ana kiburi kwa sababu ameniletea mali nyingi kule nyuma, amewaonyesha Wahehe kwamba Ungoni kuna chakula.”

“Mali?” Akaelekea nyuma ya karavani. “Mali ya Mngoni inakaa barabarani na mimi nipo?”

“Usiguse,” alisema Bibi Nyoni, lakini kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama choma.

Akafungua kamba. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mahindi, debe la karanga, maboga ambayo sikuyahesabu, na jogoo aliyefungwa miguu, mwenye hasira zake. Mkaguzi wa magari akalibeba gunia la kwanza mgongoni na kulipeleka kwenye buti la gari, jasho likimtiririka, Bibi Nyoni akimfuata nyuma na kumsindikiza kwa maneno: kwamba mgongo huo ndio uliofaa kulimia na si kukalia ofisini, kwamba mwizi wa Kingoni angekuwa amekwisha kufika Mbinga. Lilipopanda la pili mkia wa karavani ukainuka wenyewe, shingo yake ikashuka, na gari likakaa kwa magurudumu yote manne kama mtu aliyepewa kiti. Maboga yakafuata, na debe la karanga. Jogoo akawekwa mapajani mwa mwizi wake, kwa kuwa buti lilijaa.

Tukauteremka mteremko wa darajani. Nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu za mtu anayeng'oa gego. Karavani lilitufuata kimya, kama mtoto aliyetoka kuchapwa. Bwana Kikoti aliangalia kioo cha pembeni, kile kilicholegea, toka juu mpaka tulipovuka. Alimkuna jogoo kichwani.

Mshangano tulifika jua likiwa bado lipo. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuliingiza karavani mahali pake kwa kurudi nyuma. Nilishika usukani chini, karibu na tumbo, nikaacha kufikiri, likaingia mara moja. Jirani yangu aliyekuwa amesimama kwenye mihogo yake akapiga makofi. Bwana Kikoti akashuka, akavaa tena ule uso wa asubuhi.

“Linafaa, daktari,” alisema. “Njoo ofisini wiki ijayo, au ile nyingine. Karatasi zinachukua muda wake.”

Nilijua muda wa karatasi. Kibali cha muda kilikuwa kinakwisha, na karatasi ofisini huchukua muda kama watoto wanavyochukua sukari. Lakini nilikuwa nimekwisha kupona jambo kubwa, sikuthubutu kudai dogo. Nikaitikia.

Bibi Nyoni ndiye hakuitikia. Alimwendea mkaguzi kama anayekwenda kumuaga, akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa juu ya kilemba chake.

“Mtani, umeniibia vizuri,” alisema. “Nami nimekuibia.”

“Bibi, hiyo ni mali ya kazi.”

“Na magunia yangu yalikuwa mali ya nini?”

“Siwezi kurudi ofisini bila kofia.”

“Najua. Kwa hiyo usirudi. Andika hapahapa, ukimaliza nitakuvika mwenyewe.”

Bwana Kikoti alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama jirani aliyekuwa ameacha mihogo ili ashuhudie. Mhehe mwenye kofia angeweza kukasirika. Mhehe asiye na kofia, mbele ya mtani, hakuwa na haki hiyo. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwenye boneti lililokuwa bado na moto, akaandika na kutia sahihi. Bibi Nyoni akaniamuru nisome kwa sauti, kofia ikiwa imemziba jicho moja. Nikasoma kwamba gari na tela vinafaa kwa safari za huduma, kwa sharti kwamba mzigo wote mzito ukae mbele ya magurudumu ya tela.

Nikainua macho. Bwana Kikoti alikuwa akifunika kalamu yake kwa makini sana.

“Hilo la mwisho,” Bibi Nyoni akamwambia, huku akimvika kofia na kuinyoosha, “ungelisema tangu Lusewa, tusingetetemeka njia nzima.”

“Ningesemaje, bibi? Nimwambie mgeni apekue zawadi?”

“Na mimi ningesemaje? Niifungue tena zawadi niliyokwisha kumpakia mgeni?” Akanigeukia. “Mwanangu, ulidhani ni wewe peke yako uliyeuona ule mkia? Mimi nilikuwa nimeukalia karibu kuliko ninyi wote. Nilikuwa nasali huyu bwana awe mtani wa mtu.”

Akamnyang'anya jogoo, akampeleka kwa binti yake aliyejifungua. Magunia, karanga na maboga vilikwenda na Bwana Kikoti, kwa kuwa mali iliyochukuliwa kwa utani hairudishwi, naye aliomba nimpeleke navyo kwa gari lilelile mpaka mlangoni kwake. Niliporudi nyumbani mikono mitupu, mume wangu alichungulia buti, akachungulia karavani, akauliza kama safari hii watu wa Lusewa walikuwa wamenisahau. Nikamwonyesha ile karatasi yenye vumbi la boneti, nikamwambia hii ndiyo waliyonifungia.